Kidole Gumba Ibadani

Siwezi kutulia, hata kanisani. Nikisoma, macho yangu huruka mistari, kwa hiyo mtaalamu wa macho hapa Kolwezi alinipa mazoezi: ninyooshe kidole gumba, nikitazame, nikivute polepole hadi puani. Jumapili iliyopita ibada iliporefuka, nikaanza kuyafanya. Sikusikia pasta akiuliza nani atasoma matangazo ya mazishi na harusi.

"Aksanti, mama Ngalula, nimeona mukono yako!"

Ningekataaje? Nikasoma mbio: "Jumamosi tutamzika tata Kabeya, halafu tutacheza hadi asubuhi."

Watu wakaduwaa. Nikajisifu moyoni: mazoezi yameanza kufanya kazi!

Bwana huyo, tata Kabeya, akasimama, mchumba wake amemshika mkono.

"Mama, mi niko muzima! Jumamosi mi naoa!"