Gari la Mikate Lisilo na Mkate

Mtaa mzima ulimwita Kimyakimya, na kama hujawahi kumsikia akiongea ungedhani jina lilimkaa. Alikuwa dereva wa mizigo, mtu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, ila kila jambo alilianza kwa maneno yaleyale: "Hili tulifanye kimyakimya." Alipokwenda kuposa alisema hivyo, na kabla hajafika kwa wakwe watu walishaanza kumpa hongera njiani. Kwa hiyo siku alipolipata lile gari la mikate, kuukuu, la kiwanda kilichofungwa, aliliingiza uani jua la utosi, honi ikilia tangu kona ya kwanza. Akashuka, akaubamiza mlango, akamwinamia mkewe sikioni.

"Mke wangu," akanong'ona, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara akazima mashine yake ili asikie vizuri. "Hiki ndicho chumba chetu. Mtu asijue."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa mwembamba, hana kelele, na akikuchoma ulikuja kujua ameshapita. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akalizunguka gari taratibu. Ubavuni palichorwa mkate mkubwa wenye macho na meno, unacheka.

"Na huyu anacheka nini?"

"Huyo usimguse. Huyo ndiye mlinzi wetu. Nje mkate, ndani chumba. Nani atageuka kuutazama mkate mara ya pili?"

Sindano akamweka mtoto vizuri mgongoni. Yeye katika ndoa hiyo aliomba kitu kimoja tu, nacho kilikuwa mlango. Waliishi kwa mama wa mume, nyumba ya chumba kimoja na sebule. Chumba kilikuwa cha mama. Sebule ilikuwa ya kila mtu mchana, na usiku ikawa ya mume, mke, mtoto na godoro, nyuma ya pazia ambalo Sindano alilishona mwenyewe na kulichukia mwenyewe. Pazia halina hodi. Mama mkwe alipita hapo akienda kunywa maji, akapita akirudi, akapita kuangalia kama mtoto amefunikwa. Mtoto akilia, kikohozi kilitoka chumbani, na nyuma ya kikohozi ushauri: "Mgeuze." Akigeuzwa: "Si hivyo."

"Mimi sikuombi ghorofa," Sindano alikuwa amemwambia mumewe. "Nipe mlango. Nikiufunga, anayetaka kuingia abishe hodi. Nikiukosa hapa, nitarudi kwetu nikautafute huko."

Hapo ndipo Kimyakimya aliposhtuka. Kupanga chumba kwingine maana yake ni kumwambia mama yake kwamba wanahama, na mtu yule aliyefokea matrafiki na kubishana na wapakiaji mizigo alikuwa hana ubavu wa kumwambia mama yake hata kwamba chai imezidi sukari. Ndipo akapata akili ya gari. Watahama bila kuhama. Mama ataambiwa ni gari la biashara.

"Biashara gani?" mama aliuliza, akitoka na kigoda chake.

"Mikate, mama."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Mama akautazama ule mkate unaocheka, akamtazama mwanawe, akarudi ndani.

Kazi ikaanza, na kusema kweli mkono wa kazi Kimyakimya alikuwa nao. Kilichomponza kilikuwa mdomo. Alikwangua kutu kwa msasa mpaka bodi ikang'aa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akatandika plaiwudi sakafuni. Kuta na dari akazijaza sponji nene, akafunika kwa plaiwudi nyingine aliyoipiga vanishi. Akajenga kitanda cha kukunja chenye bawaba, na chini yake droo mbili za nguo za mtoto. Akafunga betri ya pili, taa ndogo na feni, na juu akatoboa tundu la hewa akalificha chini ya kichanja cha kubebea mizigo. Sindano akashona foronya, akashona vifuko vya kutundika ukutani. Kidogo kidogo, bila kupenda, akaanza kukipenda.

Ila siri ilikuwa na masharti yake. Mtu akichungulia kioo cha mbele asione chumba. Basi nyuma ya kiti cha dereva pakazibwa kwa ubao mzima, na kreti za mikate zikapangwa mbele yake na vumbi lake. Mlango wa pembeni ukazibwa na kitanda. Ukabaki mlango wa nyuma. Na kisha kulikuwa na kelele. Kimyakimya aliamini kelele ndiyo inayouza siri, isipokuwa ya kwake. Alilitikisa gari kila jioni akitega sikio, na chochote kilichogonga akaking'oa. Aling'oa ndoano. Akang'oa kibati cha taa ya zamani. Mlango wa nyuma ulikuwa na kimkono kwa ndani, kimelegea, kinalia kama meno ya mzee. Akakifungua kwa bisibisi, akakitupa kwenye kopo la skrubu, tundu akalishindilia sponji, akapigilia plaiwudi juu. Sindano akaja akatundika hapo kifuko kizuri cha nepi. Hakuna aliyejiuliza neno. Mlango ulikuwa wazi wakati wote huo. Nani hufikiria kutoka mahali ambapo hajawahi kufungiwa?

Alipomaliza, Kimyakimya alisimama katikati ya ua akatangaza kwa sauti ya chini iliyofika hadi kwa kinyozi: "Hata malaika akipita hajui."

"Malaika sijui," kinyozi akajibu kutoka ng'ambo, "lakini mimi wateja wangu wawili wameshaulizia mkate."

Siku ya kulijaribu ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Mama aliaga kwamba anakwenda kukaa nje kidogo, sebuleni joto. Kimyakimya akampa mkewe ishara ambayo mtaa mzima uliiona. Wakaingia na mtoto, akavuta mlango wa nyuma, ukajibana. Klak.

"Sikiliza," alisema.

Sindano akasikiliza. Hapakuwa na kitu. Hapakuwa na kikohozi wala mtu wa kumwambia mgeuze. Feni ilikuwa inapumua tu. Mtoto akanyonya, akalala, na yeye akanyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu aolewe bila kuvuta kitenge kwanza. Machozi yakamkaribia, akayameza, maana mumewe angeyahesabu kuwa ni sifa zake.

Wakalala usingizi mzuri. Mtoto ndiye aliyeamka kwanza, amelowa hadi shingoni, na nepi kavu ziko nje kwenye kamba.

"Nifungulie nikazianue," Sindano akasema.

Kimyakimya akanyoosha mkono mlangoni. Mkono ukapapasa kifuko cha nepi. Ukashuka. Ukapanda. Akakiondoa kifuko, akautazama ubao laini uliopigwa vanishi, unang'aa, mpaka aliona sura yake humo.

"Vipi?"

"Ngoja."

"Mkono wa mlango uko wapi?"

"Kwenye kopo la skrubu."

"Na kopo?"

"Chini ya kiti cha dereva." Akauangalia ule ubao mzima alioupigilia mwenyewe.

Akagonga mlango kwa kiganja. Akagonga kwa ngumi. Sponji ikameza kila kitu. Fundi, yaani yeye mwenyewe, alikuwa amefanya kazi yake. Akapaza ile sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, na kwa mara ya kwanza maishani mwake haikufika popote.

"Piga simu," mkewe akasema. "Si unayo mfukoni?"

"Nimpigie nani? Kinyozi? Nikimwambia yeye nimewaambia vichwa vyote anavyonyoa."

"Mpigie mama."

"Siri yote hii halafu nimpigie mama?" Akachukua kijiko, akaanza kuchokoa ukingo wa plaiwudi. Kijiko kikapinda. Akachukua kingine.

Sindano alimtazama. Lilikuwepo la kusema, na wanawake wengine wangelisema. Yeye alikuwa na mtoto aliyelowa, na mlango wake alioutamani miaka yote umekuja, na haufunguki. Akaichukua simu kutoka mfukoni mwa mumewe kama anavyochukua pini kwenye kitambaa, akapiga.

"Mama, ni mimi. Samahani kukusumbua. Tuko ndani ya gari."

"Najua," sauti ikasema.

"Gari la mikate."

"Najua, mwanangu. Nimekaa kwenye kivuli chake nachambua maharage. Hiki kivuli nakaa kila siku. Si ndipo mnapopigia misumari?"

Kimyakimya akaketi kitandani.

"Mlango umetugomea, mama. Hauna mkono kwa ndani."

Kisha wakasikia gari likitetemeka kidogo, kwa namna ya mtu mzima anayecheka huku ameegemea bati.

"Yaani amejenga chumba cha kuingia tu," mama akasema. "Haya, nakuja."

Lakini mlango haukufunguka. Simu ilikuwa bado sikioni mwa Sindano, na humo akasikia vifundo vya vidole vikigonga bati, polepole, mara tatu.

"Hodi," mama mkwe akasema.

Sindano akajiweka sawa kitenge. Akanyoosha shuka. Hakufanya haraka.

"Karibu, mama."

Mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia, na mama nyuma yake na ungo wake wa maharage. Hakumtazama mwanawe. Akapanda, akaketi kwenye kitanda, akakibonyeza. Akatandaza mgongo. Akafumba macho.

"Nifungieni," akasema.

"Mama?" Kimyakimya akauliza.

"Funga, nisikie."

Wakamfungia. Wakasimama nje na mtoto aliyelowa, kinyozi na wateja wake wamejipanga kando ya barabara. Alipofunguliwa, mama alikuwa na uso wa mtu aliyekunywa maji baridi.

"Mtoto wenu analia usiku kucha, wewe unakoroma kama trela, na mimi nimekaa hapo nakohoa ili mjue kuna mtu anataka kulala. Miezi yote hii. Hapa sisikii kitu. Mimi nabaki hapa. Rudisha huo mkono wa mlango."

"Lakini mama, hiki ni chumba che—"

"Na chumba chako cha ndani, mama," Sindano akadakia, taratibu, kama anayeuliza bei ya uzi, "kina ufunguo?"

Mama mkwe akamtazama. Wakatazamana vizuri kwa mara ya kwanza.

"Uko juu ya kabati. Kitasa kigumu kidogo. Ukizungusha, inua."

Mpaka leo lile gari lipo uani. Watu wakipita wakiulizia mkate, sauti ya mama hutoka kwenye mlango wa nyuma ulioachwa wazi: "Umekwisha." Kimyakimya bado anamwambia kila mtu, kwa kunong'ona, kwamba hiyo ni siri.

Jioni ileile Sindano alihamisha godoro, akaingia chumbani, akafunga. Akazungusha ufunguo huku ameinua. Pazia akalikata nepi. Baadaye kidogo mumewe akaja, akasukuma mlango, ukakataa, akasukuma tena.

"Mke wangu, ni mimi."

Sindano akaendelea kukunja nepi.

"Hodi," Kimyakimya akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, ya chini kweli.

Alimwacha abishe tena.