Gongo la Mzee Luhende

Mkiniona hapa Ngokolo nazunguka nyuma ya ule ukumbi wa sherehe badala ya kupita mbele, msidhani nakimbia jua. Ni aibu, na aibu hiyo niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, tena nikaipaka vanishi.

Mimi nakereza mbao, miguu ya viti na vitanda. Jumamosi moja asubuhi akaja Mzee Luhende, aliyepoteza mguu shimo la dhahabu lilipomporomokea kule Kharumwa, ameegemea gongo nililomkerezea mwenyewe, limebonyea katikati baada ya kugongwa na bodaboda, na jioni hiyo hiyo ndiyo sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake Neema anayeolewa.

“Mwangaluka, mayu,” akanisalimia kwa Kisukuma, yaani umeamkaje, mama. “Leo nataka niingie ukumbini kama mwanaume. Utaliweza?”

Nikacheka. Mti uliobonyea dawa yake ni mvuke: unaweka kitambaa kilicholowa, unapitisha pasi ya moto, nyuzi za mti zinanyanyuka zenyewe (mkijaribu kwenye vinu vyenu msije mkaunguza, nawajua). Likanyanyuka vizuri. Ila lilipokauka pakabaki mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umelizunguka gongo, na fundi yeyote anajua maana yake: maji yameingia kwenye ufa. Kukereza jingine kulitaka siku nzima, mti mkavu sina, na mzee amekaa kwenye benchi ananiangalia kwa matumaini, basi nikachanganya gundi na unga wa mbao, nikaziba, nikapiga msasa, nikapaka vanishi.

“Limepona, baba,” nikasema.

Jioni MC akamwita baba wa binti mbele. Neema akamshika mkono, mzee akautoa.

“Niache, mwanangu. Gongo limepona, muulize Mama Kulwa!”

Vigelegele! Na mimi, ndiye huyo Mama Kulwa (sijui shetani gani alinipanda), nikapanda juu ya kiti, nikapunga kitenge, nikazunguka wanione mbele na nyuma. Nilikuwa bado napunga niliposikia mti umelia ko! Mzee akaenda chini, kiuno kikapiga ngazi ya jukwaa, na mlio wa pili haukuwa wa mti. Muziki ukazimwa. Shangazi yake Neema akaokota kipande, akakinusa, akakiinua juu.

“Hii si gundi hii?”

Ukumbi mzima ukageuka, na mimi bado niko juu ya kiti.

Nyonga ilivunjika. Wiki ya tatu nikajikaza, nikaenda kwake, nikamwambia kwamba ufa niliuona. Nilitegemea matusi.

“Ungeniambia, mayu,” akasema, “ningeingia nimeshikwa na mwanangu. Yeye ndiye aliyetaka hivyo tangu mwanzo.”

Hajasimama tena mpaka leo. Mimi siku hizi nikiuona ule mstari mweusi, siulizi sherehe ni lini wala nani anasubiri; nakivunja kitu palepale kwenye goti langu, mbele ya mwenyewe, na akinuna namwacha anune.