Ubao wa Mwalimu Zakaria

Juzi mjukuu wangu Espoir alikaa mezani kwangu hapa Louisville, akiandika orodha ya vioo vya kompyuta vya zamani, vile vya maandishi matupu. Nikamuuliza ya nini.

"Koko," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi bibi yake, "kila kioo kina uwezo wake. Hiki kinaweza kujifuta, kile hakiwezi. Programu ya zamani inasoma orodha hii kwanza, ili isikiagize kioo jambo kisiloliweza."

Bon, hasira ikanipanda palepale.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu kule kwetu, darasani kwa Mwalimu Zakaria. Chaki ilinuka, mvua ilipiga mabati. Ubaoni mimi niliona ukungu mweupe tu. Nilidhani watoto wote wanaona ukungu, na kwamba wenzangu akina Furaha, Nyota na Bahati wamekariri nyumbani.

"Mapendo, soma mstari wa pili."

"Hakuna mstari pale, Mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwalimu alinichapa viganja vyote viwili, kisha akamwita baba yangu. "Huyu hana kichwa cha masomo. Mpeleke shambani." Baba akanipeleka, na sikurudi tena. Macho yangu yalikuja kupimwa hapa Marekani, nikiwa tayari na wajukuu. Daktari alishangaa nilivyoishi miaka yote ile bila miwani.

Nilimweleza Espoir yote hayo. Akasema kwa upole, "Labda Mwalimu hakujua, Koko."

"Angeniuliza ninaona nini. Hivyo vioo vyako havina mdomo, na bado mnataka kujua vinaweza nini. Mimi nilikuwa na mdomo, nimesimama mbele yake."