Nukta Nyekundu ya Habaryar

Injinia wa mradi wa mafuriko alikuja Garissa na kompyuta yake, na mimi ndiye niliyemfundisha mambo ya hapa kwetu. Nasema nilimfundisha kwa sababu hakujua hata mto hufurikia upande gani. Mwaka mzima nilizunguka na simu ya kazi nikiweka nukta kwenye ramani kwa kila nyumba, halafu yeye anaigiza mafuriko kwenye kompyuta: maji yanapanda, nukta zinageuka nyekundu, na mashine inapanga timu ya kukagua hasara ianzie wapi, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kazi nzuri, sikatai. Niliipenda, na ndiyo maana inaniuma.

Katika igizo la mwisho nililoliona, boma la habaryar wangu, mdogo wake mama, liliwaka nyekundu, likapangiwa siku ya kwanza. Nikaenda mwenyewe kumwambia. "Habaryar, maji yakija yakaua mifugo, msizike mizoga. Wakaguzi lazima waione kwa macho ndipo mlipwe fidia. Kwenu watafika siku ya kwanza." Akauliza, "Wewe umeona?" Nikasema wallahi nimeona. Basi, hakuuliza tena.

Maji yakaja. Asubuhi yake nikapewa orodha ya safari za timu. Nikapekua siku ya kwanza, ya pili, mpaka ukurasa wa mwisho. Boma halimo. Nikampigia injinia, yuko zake Nairobi. "Zile nyumba zinazohama zilikuwa zinavuruga hesabu," akasema bila wasiwasi. "Kiangazi ziko hapa, mvua zikinyesha ziko kule. Tukaziondoa, tukabaki na za mabati. Si nilikutumia barua pepe?"

Barua pepe! Mtu niliyekula naye sahani moja mwaka mzima, niliyemweleza jinsi wanawake wetu wanavyofungua nyumba nzima, miti na mikeka, wakaipakia kwenye ngamia na kuisimamisha kwingine siku hiyohiyo. Nilimweleza ili awahesabu. Yeye akapata sababu ya kuwafuta. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na siyajutii.

Niligombana na ofisi nzima hadi nikapata gari, siku ya tisa. Nyumba ya habaryar ilikuwa imesimama kwenye mwinuko, imekazwa vizuri, birika motoni. Chini, ndani ya zizi la miiba, mbuzi wake wote walikuwa wamelala kwenye tope, na harufu ilitupokea kabla ya salamu. Mkaguzi akajifunga kitambaa puani, akabonyeza simu. Ikakataa. Pasipo na nukta, fomu haifunguki. Akajaribu tena, kisha akarudi garini akafunga mlango.

Majirani walikuwa wamekwisha kuzika mizoga yao na kuondoka kuelekea njia ya Modogashe, kutafuta pakavu. Habaryar alibaki peke yake siku zote tisa, akifukuza fisi kwa vijinga vya moto, kwa sababu mimi nilimwambia angoje. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alinisogelea akanishika mkono, akaniita kwa lile neno ninalomwita mimi, maana kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake huitana hivyohivyo.

"Habaryar," akasema, "wamekwisha kuwaona mbuzi? Sasa naweza kuwazika?"

Nikamwambia ndiyo, wamewaona.