Vishina Alivyoambiwa Achome

Mama Funguo hajawahi kuiba hata sindano. Tuanzie hapo, maana watu wana midomo. Nyumba tano zilimkabidhi funguo zake, na kwa miaka ishirini na mbili alikuwa anaingia humo wenyewe wakiwa hawapo, anafagia, anapiga pasi, anafunga milango, kisha anarudi kwake, vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kwa kazi kama hiyo, jina likichafuka hata sabuni ya kiwanda kizima haitalitakatisha. Nyumba moja ikikunyang'anya ufunguo, nne zilizobaki hazingoji wiki.

Sasa Jumamosi hiyo alikuwa nyumbani kwa mwanasheria, anasugua sufuria iliyoungua, simu ikalia. Alikuwa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee aliyebaki.

"Mama, usinikasirikie. Ua lako nimelileta kwenye maonyesho. Leo ndiyo siku ya maua ya okidi, ukumbi wa maktaba umejaa hadi mlangoni, na watu wanalizunguka la kwako tu!"

"Ua gani?" aliuliza, ingawa alikuwa na moja tu.

"Lile la dirisha la bafuni. Nilitaka ufurahi, mama."

Looo! Mama Funguo aliiacha sufuria na povu lake, akatoka mbio roho mkononi. Nitakwambia kwa nini.

Katika zile nyumba tano, moja ni ya daktari wa meno mstaafu. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa na wazimu wa okidi. Alichukua chavua ya okidi moja kwa ncha ya kijiti, akaipaka kwenye nyingine, akaotesha mbegu, akangoja miaka saba. Likachanua ua la manjano ya kiini cha yai, mdomo wake rangi ya damu ya mzee. Halikuwepo kwa mtu mwingine yeyote, na bibi alitaka lisiwepo. Kila alipobadilisha chungu, alikata vile vishina vikongwe visivyo na majani, vilivyovimba kama vitunguu, akampa Mama Funguo.

"Kachome. Usitupe, choma. Wenzangu wa chama cha okidi nawajua, watavifukua hata jalalani."

Mara tatu alichoma. Mara ya nne, miaka minane iliyopita, aliona kwenye kishina kimoja jicho la kijani, dogo kama punje ya mtama. Mikono ikagoma. Mwanamke aliyezika watoto wawili utamwambiaje achome kitu kinachochipua? Akakifunga kwenye leso, akaenda nacho nyumbani, akakipanda kwenye kopo la rangi.

"Umechoma?" bibi alimuuliza kesho yake.

"Nimechoma, mama."

Uongo wa maneno mawili, ukamkaa kooni miaka yote hiyo. Mwaka juzi bibi alifariki, na miezi minne baadaye okidi yake nayo ikaoza mizizi, ikafa. Hapo sasa likabaki lile la bafuni peke yake. Mara ngapi Mama Funguo alitaka kumwambia mzee! Alikuwa akifika mlangoni kwake na maneno tayari, ulimi unakuwa mzito, anaishia kuuliza kama kuna nguo za kufua.

Ukumbini alikuta meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, okidi za zambarau na nyeupe zimepangwa, wala hakuna aliyezitazama. Watu walikuwa wamejazana mwisho wa meza, kwenye kopo lake la rangi. Mkwe wake alikuwa amesimama hapo mikono kifuani, furaha yote imemwisha. Mbele yake alikuwa katibu wa chama, mwalimu mstaafu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Ni wewe mwenye ua hili?" katibu aliuliza.

"Ni mimi."

"Hili ni la marehemu. Mimi rafiki yake nililiomba miaka kumi, akaninyima. Na wewe si ndiye unayefanya kazi pale?"

Mama Funguo alimwona mke wa mwanasheria kando ya dirisha, yule yule aliyekuwa anamwachia nyumba nzima, ameukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Daktari tumeshampigia," katibu alisema. "Yuko njiani."

Mkwe akamsogelea sikioni. "Mama, sema ulipewa. Nakuomba. Marehemu hawezi kukukana."

Daktari aliingia na fimbo yake, amevaa shati ambalo Mama Funguo mwenyewe alilipiga pasi Alhamisi. Hakusalimia mtu. Alienda moja kwa moja kwenye ua, akaliinamia.

"Mke wangu alikupa?" aliuliza bila kugeuka.

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Nani angembishia? Angesema ndiyo, jioni angerudi kwenye sufuria yake, na maisha yangeendelea. Mkwe alikuwa anamfinya mkono.

"Hapana, mzee," alisema. "Aliniambia nikachome. Nikamwambia nimechoma, na sikuchoma."

"Si nilisema!" mtu mmoja alidakia nyuma. Mkwe akajishika kichwa.

Mama Funguo alitoa kile kitita cha funguo, akauchomoa mmoja. "Ufunguo wako huu, mzee. Lakini sikuiba. Nilishindwa kuliua, basi."

Daktari hakuupokea.

"Mimi niliweza," alisema. "Baada ya mazishi nilikuwa nalimwagilia la mke wangu asubuhi na jioni. Nilidhani ndiyo kulitunza. Kumbe nilikuwa nalizamisha. Kazi yake ya miaka yote, mimi nimeimaliza kwa miezi minne, na sijamwambia mtu."

Katibu alikohoa, kadi mkononi. "Samahani, daktari. Sasa hapa niandike ua ni la nani?"

"La huyu! Unauliza nini?" mzee alifoka, fimbo ikagonga sakafu. Halafu akamgeukia Mama Funguo, sauti imeshuka kabisa. "Wewe unalimwagilia mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki, mzee. Tena nikikumbuka."

Mzee akavuta kiti, akaketi. Mama Funguo, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumgusa, alimshika kidole cha shahada akakizamisha taratibu kwenye kopo, kati ya maganda ya mti yaliyowekwa badala ya udongo.

"Sikia hapo. Ukiona kuna unyevu, liache."

"Kuna unyevu," mzee alisema.

"Basi liache."

Akabaki hivyo hivyo, kidole ndani ya kopo, analia mbele ya chama kizima, na Mama Funguo hakuthubutu kumwambia akitoe.