Mibuni ya Baba na Mikanda ya Kurudi Zamani

Mikanda ya mtu kurudi zamani nimeangalia mitatu, na kitabu kimoja nimesoma nusu. Si mingi. Lakini sidhani kama kuna mtu Arusha hii aliyeiangalia akiwa na shida kama yangu. Wenzangu walikuwa wanasubiri soko lichangamke. Mimi nilikuwa natafuta njia. Kihamba cha marehemu baba kule Akheri, yaani nyumba na shamba lake, kilikuwa kinaondoka, mama yangu akiwa anaishi ndani yake, na kosa nilikuwa nimelifanya kwa mikono yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Chama cha msingi kilikuwa kimeacha kuleta mrututu wa kupulizia kahawa, wanunuzi binafsi walikuwa wamekuja na mizani zao, na bei ilikuwa ya kumliza mtu. Zamani ukikata mbuni unaitwa ofisini kujieleza. Safari hii bwana shamba mwenyewe alipita na pikipiki, akasimama njiani, hata injini hakuzima, akasema, "Ng'oeni tu, siku hizi nani atawauliza?" Huyo namhesabu wa kwanza kati ya waliotutoa. Majina yao wote ninayo na hapa siyaandiki, lakini akisoma atajijua. Pikipiki ilikuwa nyekundu.

Wa pili ni baba mdogo, mdogo wake baba, tumbo moja. Alinishika bega akaniambia, "Mwanangu, nyanya miezi mitatu unauza. Hii kahawa ya marehemu imebaki pambo." Akaja na shoka lake. Tuling'oa siku nne. Mama alikaa mlangoni, hakusogea. Siku ya mwisho akasema, "Bakizeni mstari mmoja."

Baba mdogo akacheka. "Shemeji, wa kuchezea nini?"

Tukamalizia na huo.

Sasa asiyekuwa wa kwetu lazima nimweleze. Kwetu mtu akikuazima shamba unalima mahindi, unalima maharage, lakini mti wa kudumu hupandi. Mti wa kudumu ni wa mwenye ardhi. Ndiyo maana wazee wakija kuamua ugomvi hawaombi karatasi. Wanauliza hii kahawa alipanda nani, wanashika shina, wanaangalia lilivyonenepa, basi wamejua. Mgomba hausemi kitu, kwa sababu unakufa unaacha mtoto, na mtoto anaacha mtoto, huwezi kujua wa kwanza aliwekwa na nani. Mbuni unasema. Kaburi la baba nalo lingesema, ila baba alitangulia kabla ya babu, na babu aliomba mwanawe azikwe kwake kule juu. Kwa hiyo ushahidi wetu wote ulikuwa ile mibuni. Desturi hiyo nilikuwa naijua tangu natambaa. Nilikuwa naijua, na nikang'oa.

Masika mawili hayakupita, baba mdogo akaenda kwa wazee wa ukoo akasema lile shamba ni lake, alimwazima tu kaka yake alime mahindi. Wazee wakaja. Mzee mmoja, huyo namhesabu wa tatu, kwa sababu kondoo aliyepelekewa tulimwona wote akivutwa njiani mchana kweupe, akatembea kati ya nyanya zangu akauliza, "Ya kudumu iko wapi?"

Nikasema, "Mzee, si unajua palikuwa na kahawa ya baba? Si ulikuwa unapita hapa?"

"Mimi napita kwingi. Nionyeshe shina."

Visiki tulikuwa tumeshavipikia. Mwenyekiti wa kitongoji, wa nne huyo, akaandika kwamba mama atoke maharage yake yakishavunwa. Mama hakulia. Aliuliza tu kama wataondoka bila kunywa uji.

Nilipokuwa nasubiri hayo maharage ndipo nilipoingia kwenye mikanda. Nyanya Tengeru zilikuwa zimejaa mpaka watu wanalishia ng'ombe, kwa hiyo matenga yangu nilikuwa nayapeleka Ngaramtoni siku za soko. Nyuma ya wauza viatu vya mtumba palikuwa na banda la video, la mabati, mabenchi ya mbao, tundu moja la hewa. Pembeni ya televisheni anakaa mtafsiri. Huyo alikuwa mtu wa mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Kiingereza chake nadhani kilikuwa kidogo kuliko alivyotangaza, lakini mdomo alikuwa nao.

Mkanda wa kwanza ulikuwa wa polisi wa Kizungu. Kiwanda kiliungua na mke wake ndani. Kuna profesa ana chumba cha vyuma, polisi akaingia, akatokea juzi yake, kabla ya moto, akafunga bomba la gesi, mke akatoka kazini salama na mkoba wake. Banda zima lilipiga makofi. Mimi nilikaa palepale nikasahau matenga.

"Wewe Mmeru," mtafsiri akaniambia watu walipotoka, "unaangalia mkanda kama unaangalia jeneza."

"Kile chumba kinatumia umeme au mafuta?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani njooni mumsikie! Nyanya zinaoza nje, huyu anataka kujua mashine inakunywa nini! Unataka kwenda wapi, kaka?"

"Akheri."

"Akheri si unapanda gari tu?"

"Akheri ya miaka miwili nyuma."

Aliacha kucheka. Akaniambia nije Jumapili, kuna mwingine wa aina hiyo.

Huo wa pili ulikuwa wa Kichina. Kijana anarudi enzi za mababu kumwokoa mwalimu wake aliyewekewa sumu. Anatafuta aliyeweka, anapigana na kijiji kizima, mwishoni inaonekana kikombe chenye sumu kilibebwa na yeye mwenyewe, bila kujua, katika huko kurudi kwake. Mimi niliona kwa macho. Lakini mtafsiri alikuwa anatuambia mwalimu amepona.

"Mbona wanambeba?" mtu akauliza.

"Wanampeleka hospitali."

"Amefunikwa uso!"

"Kuna baridi kwao. Tulia."

Baadaye nilimfuata nikamwambia yule mwalimu amekufa, usinidanganye. Akasema, "Amekufa. Nikiwaambia amekufa, Alhamisi watarudi? Mtu ametoka na shida zake nyumbani, nimwongezee na za China?"

Nimefikiri sana juu ya mikanda hiyo miwili. Wa Kizungu unasema kosa ni mlango, ukirudi unaufunga. Wa Kichina unasema kosa ni wewe, hata urudi mara mia utalikuta limekaa na sura yako. Kwa utamu, wa Kizungu. Kwa ukweli, wa Kichina. Kwa sababu mimi nikirudi nitamkuta nani pale? Nitamkuta kijana wa miaka ishirini na sita, ana shoka, jasho linamtoka, amejaa nyanya kichwani. Nitamwambia acha, bakiza hata mstari mmoja. Atanisikiliza mimi? Mama yake mzazi alimwambia, hakusikia. Hilo polisi wa Kizungu hakulipata. Yeye alikuta bomba, na bomba halibishani na mtu.

Wa tatu ulikuwa wa Kihindi, na huo uliniuma kuliko yote, kwa sababu haukurudi nyuma, ulikwenda mbele. Mtu analala shambani kwake anaamka miaka arobaini imepita, anakuta nyumba ya ghorofa, anabisha hodi, mtoto anafungua anamuuliza wewe unamtafuta nani. Waliimba nyimbo nane katikati lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye ule mlango. Nilitoka kabla haujaisha. Kwa mkanda huo sikuhitaji mtafsiri.

Kitabu nacho nilikipata kwa mama muuza karanga pale stendi. Alinifungia karanga kwenye ukurasa, nikala huku nasoma, nikakuta ni habari ya mtu amerudi kwenye harusi ya wazazi wake na hakuna anayemwona. Nikarudi mbio. "Mama, kitabu hiki kimebaki?" Akanipa kilichobaki, hakina jalada, hakina mwisho, akanilazimisha ninunue na karanga nyingine. Mimi darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, kusoma kwangu ni kwa kidole, lakini kile nilikisoma mara tatu. Yule mtu hawezi kugusa kitu. Anasimama anamwona baba yake anacheza, anamwita, sauti haitoki. Mikanda haijui kitu hicho. Kwenye mkanda anayerudi ana misuli, anaruka, anafunga bomba. Aliyeandika kile kitabu, hata simjui, alijua kwamba kurudi kwenyewe sisi wote tunarudi, kila siku, tena bila mashine, na tunasimama pale tunapiga kelele hakuna anayegeuka. Mwisho wake walifungia watu karanga. Sijui kama alikuja akasikika.

Watu nikiwasimulia haya wanadhani nikipewa siku moja ya kurudi nitachagua ile ya shoka. Siyo. Nina nyingine, na katika hiyo wa kuhesabiwa niko mimi peke yangu.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka. Mama akaniambia, "Mpelekee baba yako mdogo sale." Sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani. Ukimpelekea mtu uliyekosana naye, akalipokea mkononi, hawezi tena kukukatalia, hata kama ulimuulia mtoto. Kwetu hakuna aliyewahi kulipokea akakataa. Mama akalichuma mwenyewe, akalifunga fundo.

Baba mdogo aliniona tangu getini. Aliona nilichoshika. Aliweka kikombe chini, akapita nyuma ya zizi, akaingia migombani, mtu mzima na suruali ya kanisani. Nilikaa kwenye benchi lake mpaka jua likahama upande. Mama mdogo, mkewe, akatoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae. Amekuona."

"Atarudi saa ngapi?"

"Harudi ukiwa umekaa hapo. Kesho anakwenda kwa binti yake mjini, hata mimi sijui mpaka lini. Nenda nalo."

"Basi lishike wewe, umpe."

Akarudisha mikono nyuma kama nimemwonyesha nyoka. "Mimi nikilishika, nitalala wapi?"

Nililitupa mtoni. Nilipofika nyumbani mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, vyombo vyake ameshavifunga kwenye shuka, mafundo mawili. Akaniangalia mikono.

"Amelipokea?"

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka aniondolee yale macho, basi.

"Amelipokea."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Akasema nini?"

"Alinyamaza."

"Basi amesikia," mama akasema. "Hata baba yako akiguswa alikuwa ananyamaza." Akainuka, akafungua mafundo yake pale pale, akapanga sufuria moja moja mahali pake.

Niliishi na uongo huo wiki tatu. Mama alisiriba jiko upya kwa udongo na majivu. Aliimba. Alikwenda kwa jirani akaomba miche ya kahawa, akapewa saba, akaipanda kwenye njia ya kuingilia, anachota maji ya mfereji na kopo anaimwagilia. Nilikuwa namwona, na kila asubuhi nilisema nitamwambia jioni, jioni ikifika nasema asubuhi. Siku za soko nilikimbilia Ngaramtoni, na hata mkanda sikuangalia. Nilikaa nje kwenye matenga.

Walikuja siku ya Jumanne, mwenyekiti wa kitongoji, yule mzee wa kondoo, na wanaume wengine wanne wa ukoo. Mama aliwaona wanapandisha njia akafurahi. Kwetu sale ikishapokelewa, watu huja kula pamoja ugomvi ufe. Alikuwa anawangoja tangu siku ile. Akakimbia ndani akavaa kitenge cha kanisani, akatoka na mabenchi.

"Karibuni, karibuni. Shemeji yuko nyuma? Ndizi zinaiva sasa hivi."

Mwenyekiti akaangalia wenzake. Akasema, "Mama, mbona bado hujafunga vyombo?"

Mama alicheka kwanza. Akadhani ni utani. Kisha akaniangalia mimi, na mimi nikaangalia chini, kwenye ile miche yake, udongo ulikuwa bado una maji.

Hakuwabishia wale. Aliingia ndani akafunga yale mafundo mawili tena, na sufuria la ndizi akalipakua, akawapa wote waliokuja kumtoa, wakala wamesimama. Mimi nilibeba kitanda. Tulishuka mpaka barabarani kungoja gari la kutupeleka Engutoto, kwenye chumba cha kupanga nilichokuwa nalala siku za soko, na ni pale barabarani, amekaa juu ya fundo moja, mgongo ameupa mlima, aliponiambia.

"Ungeniambia, ningeaga."

"Mama..."

"Wiki tatu nilikuwa napanda. Ningekuwa naaga."

Gari likaja. Nikapakia kitanda.