Mtani Haachiwi Kichupa

Saa moja na nusu asubuhi, kijijini Isikizya, mkoani Tabora. Kwenye baraza la nyumba ya bati, Dk. Gaudensia Lugembe anawatenganisha wazee wawili kama mwalimu wa darasa la kwanza.

"Mzee Silasi, kaa huku ukutani. Mzee Kornel, kule kwenye ndoo. Mgeuziane migongo. Na mtu asiguse kichupa mpaka nimpe mimi mwenyewe."

"Daktari, unatuogopa?" anauliza Mzee Kornel.

"Siwaogopi. Nawajua."

Wazee wanacheka. Daktari hacheki. Anamsimamia kila mmoja mpaka mate yafike kwenye mstari, anafunga kifuniko, anaandika namba kwa mkono wake, ndipo anamwendea mwingine. Mzee Silasi ni Mnyamwezi, Mzee Kornel ni Mgogo. Ni watani, na siku hizi neno hilo linampandisha daktari presha.

Gaudensia ana miaka arobaini na minane. Ni mtaalamu wa jenomu na mageuzi ya viumbe, kazi ambayo shangazi yake, Apolinaria, huieleza vizuri kuliko maprofesa: "Anasoma mate ya watu, anajua mababu zao walipita wapi."

Aliyemtia hamu hiyo ni baba yake, Mzee Xavery Lugembe, mstaafu wa reli pale Igalula. Alimsimulia kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi. Binti akabaki na swali moja. Wapagazi wale walitembea miaka na miaka. Waliacha watoto wa nani njiani, na walirudi na watoto wa nani? Daftari za misafara ziliandika pembe na shanga. Watoto hazikuwaandika.

Alisoma ng'ambo miaka sita, akarudi Tabora na mashine moja na friza inayonguruma. Kwa miaka kumi na mmoja amepita kwa pikipiki vijiji kumi na vinne vya njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora hadi Ugogo, akakusanya vichupa 612. Kuna mwaka umeme ulikatika siku tatu mfululizo, vichupa thelathini na vinane vikaharibika.

"Nililia kama mfiwa," anasema. "Sikujua kwamba huo ulikuwa mchezo wa watoto."

Miongoni mwa waliotoa mate walikuwamo baba yake na mtani wake, Mzee Ambrosi, Mgogo aliyeletwa Igalula na kazi ya reli akagoma kuondoka. Wazee hawa wametaniana miaka arobaini. Ambrosi humwambia mwenzake, "Babu zako walikunywa maji ya babu zangu, hongo hawajamaliza kulipa." Zama hizo hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita na kunywa maji, si bahasha ya leo. Naye Xavery hujibu, "Mtumwa wangu ana kelele huyu."

Machi mwaka huu, kabla ya kupeleka makala yake kubwa kwenye jarida, Gaudensia aliiagiza kompyuta itafute ndugu wa karibu kati ya vichupa vyote. Ni kazi ya kawaida, ya kuhakikisha familia moja haihesabiwi mara mbili. Mate yake mwenyewe yalikuwamo. Aliyatumia zamani kujaribia mashine.

Majibu yalitoka. Gaudensia na kichupa cha Xavery Lugembe: hakuna undugu. Gaudensia na kichupa cha Ambrosi: mtoto na mzazi.

"Nilisoma mara tatu. Mate yalinikauka mdomoni, mimi mtu wa mate!"

Alipima upya mara mbili. Mashine ilisema yaleyale. Mama yake, Agnetha, alifariki miaka sita iliyopita, na swali la namna hiyo hupeleki kaburini. Asubuhi alijitazama kwenye kioo akaanza kuyaona masikio ya Mzee Ambrosi. Alikuwa mwanamke mzima, daktari wa sayansi, na hakujua ubini wake ni upi.

Siku arobaini na moja alikaa nalo moyoni. Jumapili moja, baada ya misa, likamshinda. Akaenda Igalula na karatasi kwenye mkoba, akamvuta Mzee Ambrosi nyuma ya nyumba.

"Kuna nini, mwanangu?" mzee akauliza.

Ndivyo alivyomwita tangu mtoto. Siku hiyo neno lilimchoma. Akampa karatasi, akamweleza, akamuuliza alimjuaje mama yake.

Mzee aliigeuza karatasi huku na huku. Kisha akaanza kucheka. Alipoyaona macho ya Gaudensia, kicheko kikakatika.

"Mwanangu, ile siku ya kutema mate si uliingia ndani kutafuta kalamu? Mimi nikatema kwenye kichupa cha baba yako, naye akatema kwenye changu. Nikamwambia, Mnyamwezi, leo nimekuchukulia hadi ubini! Tulicheka wiki nzima. Sikujua kama mate yanasema."

"Nilikaa chini, kwenye vumbi, na gauni la kanisani," anakumbuka Gaudensia.

Furaha yake haikufika hata jioni. Akiwa njiani kurudi Tabora, likamjia jingine, akalazimika kusimamisha pikipiki. Kama wawili hawa walifanya hivyo, je, wengine? Njia nzima ile imejaa watani. Ni misafara iliyowakutanisha!

Alirudi kwenye vijiji vitatu kuuliza. Kati ya watu sitini, ishirini na watatu waliangua kicheko. Waliobadilishana vichupa walikuwapo, waliojiandikisha kwa majina ya watani wao walikuwapo, na mama mmoja alitema kwa niaba ya watani wanne waliokuwa shambani. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Mwenzake mmoja kazini alimshauri anyamaze. "Nani atajua?" alimwambia.

"Mimi," Gaudensia akajibu. Aliiondoa makala yake kubwa, akawaandikia wahariri waziondoe mbili nyingine zilizokwisha kuchapishwa. Miaka kumi na mmoja, hivi hivi.

Sasa anaanza upya. Amekwisha kukusanya vichupa 118, na anatarajia kumaliza baada ya miaka miwili. Fomu yake mpya ina mstari ambao huenda hauko kwenye fomu nyingine ya sayansi duniani: "Mtani wako ni nani, na leo yuko wapi?" Majibu yake ameanza kuyaweka kwenye ramani. Kumbe watani hurundikana palepale wazee wanapotaja kambi za misafara, na anataka kuandika habari zao pamoja na za damu.

Lakini kuna jambo moja halikumalizwa na kicheko. Mzee Xavery aliposikia mkasa wote, hakucheka.

"Ndiyo maana kwenye simu ulikuwa unaniita 'mzee'," alisema. "Siku arobaini na moja sikuwa na mtoto, na hakuna aliyeniambia."

Alitema upya mbele ya binti yake. Majibu yalipotoka, Gaudensia aliyapeleka Igalula mwenyewe. Alimkuta kibarazani, akamnyooshea karatasi. Mzee hakuipokea.

"Hiyo weka. Niamkie kwanza."

Gaudensia akapiga goti. "Shikamoo, baba."

Kabla mzee hajafungua kinywa, sauti ya Ambrosi ikatoka ndani, alikokuwa akila ugali wa mwenzake:

"Marahaba, mwanangu!"

Mzee Xavery akajaribu kununa, akashindwa. Alicheka mpaka akamshika binti yake bega asianguke.